Mbwa Wetu na Mgeni Mwenye Ndoo

Lowell, Massachusetts

Wifi yangu mpendwa,



Uliniuliza kwenye simu ilikuwaje mpaka tukaanza kulipa watu waje kutusafishia nyumba, na sisi tuna mikono. Jibu ni mbwa na paka. Huku mbwa hakai bandani. Anaishi ndani na sisi, analala sebuleni, na miezi ya baridi madirisha hayafunguliwi. Manyoya yanajisokota chini ya kochi, yananasa kwenye zulia la ngazi, mengine unayakuta kwenye sweta uliyoifua jana. Mimi natoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, kaka yako anaingia ya alfajiri. Tukakubaliana kampuni ya usafi ije kila baada ya wiki mbili.

Siku ya kupatana bei, walipomaliza kuuliza habari za vyumba waliuliza wanyama. Ni wa aina gani, wakubwa kiasi gani, wamechanjwa, na watakuwa wapi wakati wa kazi? Nyumba yenye mbwa huongezewa dola kadhaa, maana manyoya yanakula muda. Kampuni nyingi pia husema mapema kwamba kinyesi cha mnyama na mchanga wa choo cha paka ni kazi ya mwenye nyumba. Naona ni haki kabisa. Kinyesi cha paka kinaweza kuwa na vijidudu vya toksoplazma, ambavyo ni hatari kwa mimba, na mwanamke anayekuja kunioshea sinki halazimiki kunitangazia kama ana mimba. Mchanga nautoa mwenyewe kila siku, kwa sababu vijidudu hivyo huhitaji siku moja hadi tano tangu kinyesi kitoke ndipo viweze kuambukiza.

Habari ya dawa za usafi nataka nikuandikie kwa kirefu, kwa kuwa na wewe una paka. Ini la paka halina uwezo wa kuvunja kemikali za jamii ya fenoli kama linavyofanya ini letu. Sasa fikiria Dettol, ile ambayo ukiitia kwenye ndoo maji yanageuka meupe pee. Ndani yake mna kloroksilenoli, ambayo ni ya jamii hiyo hiyo. Unapiga deki, sakafu bado mbichi, paka anakatiza, anapanda dirishani, anaanza kulamba nyayo zake kama kawaida yake. Sumu imeshaingia, na hakuna aliyemlisha. Ukimwona anatokwa udenda mfululizo au ana vidonda mdomoni, usingoje kesho kumpeleka kwa daktari wa mifugo.

Jik nayo usiimwage juu ya mkojo wa paka. Mkojo huo unatoa amonia, na amonia ikikutana na klorini ya Jik inatoka hewa inayochoma macho na kifua. Anayeivuta wa kwanza ni yule aliyeinama na kitambaa. Huku zipo dawa zenye vimeng'enya vinavyovunjavunja kile kinacholeta harufu, lakini hata bila hizo, kausha mkojo wote kwa kitambaa, kisha osha kwa sabuni na maji mengi.

Kwa hiyo kwangu dawa zote za sakafu natoa mimi. Naziweka kwenye sanduku karibu na mlango, na paka anafungiwa chumba cha watoto mpaka sakafu ikauke. Kwenye mlango wa chumba hicho nabandika karatasi ya onyo, kwa sababu watu wakiwa wanaingia na kutoka na ndoo, paka huchomoka, na nje ni theluji.

Wanaokuja ni akina mama wawili Wabrazili. Wapo wengi jimboni humu. Mji wa Framingham umekuwa makao yao tangu miaka ya 1980. Nikuambie jinsi mmoja wao anavyosafisha ngazi. Mashine ya kufyonza vumbi imeshapita, unaona zulia ni safi. Anapiga magoti, anavaa glavu ya mpira, anailowesha kidogo, kisha anaiburuta kwenye zulia kutoka ukutani kuja kwake. Manyoya yanatoka chini kabisa, yanajikusanya kuwa mkunjo mnene wa kijivu, anauokota kwa vidole viwili na kuutia mfukoni mwa aproni. Ngazi nzima, kidato kwa kidato. Ule ni ujuzi, na mtu mwenye ujuzi wa namna hiyo hapaswi kuufanyia kazi huku moyo unamdunda kwa sababu ya mnyama wangu.

Mbwa wetu ni mpole, lakini upole wake ni kwa watu anaowajua. Mgeni akiingia wenye nyumba hatupo, tena na mashine inayonguruma, mbwa yeyote anaweza kubadilika. Sheria ya Massachusetts haiangalii kama mbwa amewahi kuuma. Akimjeruhi mtu, mwenye mbwa analipa, isipokuwa mtu huyo alikuwa amevamia au anamchokoza. Wafanyakazi wa majumbani nao wana sheria yao ya haki hapa, ilitiwa saini mwaka 2014 na kuanza kutumika Aprili 2015. Lakini sheria inakuja mtu akishaumia. Kumwondolea hofu kabla ya hapo ni juu yangu mimi. Siku ya kwanza nilibaki nyumbani, mbwa kamba shingoni, akawanusa wale mama akatulia. Siku hizi kaka yako anamtoa kutembea kando ya mto Merrimack mpaka kazi iishe.

Mengi nimejifunza kwa jirani yetu Mzanzibari, naye anafanya kazi hii hii. Yeye ni Mwislamu wa madhehebu ya Shafii, kwao mate ya mbwa ni najisi nzito. Yakigusa nguo au chombo huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Watu husikia hivyo wakadhani hawezi kufanya kazi kwenye nyumba ya mbwa. Anaweza, na anafanya. Kikavu kwa kikavu hakihamishi najisi, aliniambia, kwa hiyo shida yake iko kwenye unyevu: bakuli la maji, mdomo, mbwa aliyetoka mvuani. Anachoomba ni kuambiwa mapema, na bakuli ziondolewe kabla hajafika. Hubeba nguo za kubadili kwa ajili ya sala. Kuondoa bakuli mbili ni kazi ya dakika moja, wifi, na wapo wenye nyumba wasioifanya.

Sasa nije kwako. Umesema mwezi ujao unapokea dada wa kazi mpya, na mbwa wa ulinzi mnao wawili. Kwenye geti mmeandika MBWA MKALI, lakini huyu binti atakuwa ndani ya geti, tena alfajiri, kabla hamjaamka kuwafungia. Nakuomba siku za mwanzo uwalishe wewe mwenyewe naye akiwa pembeni, wamzoee. Mwambie wazi kwamba aking'atwa, hata mkwaruzo mdogo, aseme, na hatagombezwa. Kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu hospitali siku hiyo hiyo akachomwe chanjo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili karibu hakuna anayepona, na kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, hadi asilimia 99 ya wanaokipata wanakipata kwa mbwa.

Nimetuma fedha za chanjo ya mbwa wote wawili kwa M-Pesa, namba ile ya mama. Wapelekwe kabla binti hajafika, na kadi zao umwonyeshe. Zipige picha pia, unitumie.

Wifi yako akupendaye.