Robo ya Wati

Katika lupango wetu tunaishi jamaa tatu, na ukuta unaonitenga na Mama muuguzi ni wa tofali moja tu, tena haufiki kwenye mabati. Yeye hufanya kazi ya usiku hospitalini, hurudi saa mbili asubuhi, hulala mpaka saa tisa mchana. Mimi nina gitaa la umeme ambalo yaya yangu aliniachia alipokwenda kutafuta kazi Kolwezi. Wenzangu wa idara wamenicheka mwaka mzima kwa sababu ya jambo nitakalolisimulia hapa: nilikuwa natafuta ampli ndogo ya lampu, itakayokwaruza kama ampli kubwa, lakini isimwamshe mtu aliyekesha akiwahudumia wagonjwa.

Nianze na neno, maana tuko katika kitivo cha lugha. Sauti ninayoisema hutokea gitaa linapoisukuma ampli kupita uwezo wake kidogo. Noti haitoki safi. Inaota manyoya, inavutika, inakawia kufa. Ukipiga uzi kwa nguvu inakoroma, ukiugusa kwa upole inarudi kuwa safi. Wafaransa husema «saturation», na wapiga gitaa wa hapa Lubumbashi hutumia neno hilohilo. Nilipotaka kumweleza fundi wa redio anayekaa karibu na soko, nikaona aibu kutumia Kifaransa, nikamwambia nataka ampli ambayo sauti yake inapasuka. Aliniangalia muda mrefu.

«Bantu banalipaka miye juu ya kutosha ile makwaruzo. Weye unataka nitie?»

Hakuwa anatania. Kazi yake yote, tangu ujana wake, imekuwa kuondoa kitu ninachokitafuta. Nikarudi nyumbani nikiandika maneno: kupasuka, kukwaruza, kukoroma. Yote ni maneno ya malalamiko. Redio ikikwaruza ni mbovu, spika ikipasuka inapelekwa kwa fundi. Ila kuna koo la binadamu. Mwimbaji mwenye sauti ya mikwaruzo hatumpeleki kwa daktari, tunamsifu. Siku iliyofuata nilimweleza fundi hivyo: nataka gitaa liwe na koo la mzee aliyeimba usiku kucha. Alicheka, lakini safari hii alielewa.

Sikio letu limelelewa na rumba, na gitaa la rumba ni safi kama maji. Noti za juu zinadondoka mojamoja na kila moja inahesabika. Ndiyo sababu yaya yangu alipokuwa akipiga, watu wa lupango waliuliza kama gitaa liko mugonjwa. Lakini ukivuka Kasumbalesa, upande wa pili wa mgodi uleule wa shaba, vijana wa Kitwe walipiga gitaa la mikwaruzo tangu miaka ya 1970. Bendi ya WITCH ni ya huko, na Amanaz walitoa albamu yao «Africa» mwaka 1975. Yaya alikuwa nazo kwenye simu yake. Na hapa kwetu, Konono N°1 wa Kinshasa walizipitisha likembe zao katika vikuza sauti vya kujitengenezea, mikwaruzo ikaja yenyewe, nao wakaiacha. Albamu yao «Congotronics» ya mwaka 2004 ilisikilizwa hadi Ulaya. Kwa hiyo sikubali ninapoambiwa kwamba ninatafuta kitu cha Wazungu.

Sasa, kwa nini lampu? Ndani ya lampu ya ampli kuna waya unaopashwa moto, na moto huo unafanya kipande cha chuma kitoe elektroni. Elektroni zinakimbilia bamba lenye volti mia mbili au mia tatu, na katikati kuna wavu mwembamba. Mawimbi madogo ya gitaa yanafika kwenye wavu, nao unafungua na kubana njia, na mkondo mkubwa unafuata mwendo wa yale mawimbi madogo. Mawimbi yakizidi, lampu haiwezi kufuata tena, basi vilele vyake vinaanza kujipinda taratibu. Transista ya kawaida ikizidiwa hukata vilele kwa ghafla, kama kwa kisu. Sikio linasikia tofauti hiyo hata kama mwenye sikio hajui lolote kuhusu umeme. (Na asiyejua lolote asifungue ampli ya lampu: hata ukiichomoa ukutani, umeme mkali hubaki ndani kwa muda.)

Kilichonifurahisha mimi mwanafunzi wa mofolojia ni majina yake. Lampu moja ina jina la Kimarekani, 12AX7, na jina la Ulaya, ECC83, kama visawe. Jina la Ulaya lina viambishi: E inakuambia kwamba waya wa moto unahitaji volti 6.3, C ni lampu ya vipande vitatu, na ukirudia C basi ziko mbili ndani ya kioo kimoja. L ni lampu ya nguvu, ile inayosukuma spika. Kwa hiyo EL84 unaweza kuichambua kama kitenzi: moto wa 6.3, lampu ya nguvu, kisha tarakimu zake. Nilipolionyesha jambo hili katika kikundi chetu cha mazoezi, mwalimu msaidizi aliandika mfano ubaoni. Huo ndio wakati pekee ambao gitaa langu liliheshimiwa kitivoni.

Heshima hiyo haikunisaidia nilipoanza kununua. Ampli ya kwanza nilimpata nayo mtu mmoja mjini aliyeletewa na ndugu yake kutoka Marekani. Ilikuwa na lampu mbili, imara, nyekundu, dola 90. Zilikuwa ni fedha nilizoziweka kwa ajili ya kuchapisha kazi yangu ya mwisho wa mzunguko. Nilifika nyumbani, nikaichomeka, ikawaka vizuri sana kwa muda wa kuhesabu mpaka nne, halafu chumba kikajaa harufu. Nyuma yake, kwa herufi ndogo, palikuwa pameandikwa volti 120. Ukutani kwetu ni 220. Fundi aliifungua akanionyesha transfoma iliyoungua. Miaka mitatu nasomea namna ya kusoma maandishi, na maandishi ya maneno mawili sikuyasoma. Mama alipoulizia kazi ya mwisho wa mzunguko nilisema bado nasahihisha sura ya pili, na hilo lilikuwa kweli, ingawa sio sababu.

Baada ya hapo nilikaa miezi sita bila kununua chochote, nikapiga hesabu. Nilidhani, kama kila mtu, kwamba ampli ya wati 5 ni ya kimya mara kumi kuliko ya wati 50. Sivyo. Ukipunguza nguvu mara kumi unashuka desibeli 10 tu, na kwa sikio hiyo ni karibu nusu ya ukubwa wa sauti. Spika ya kawaida ya gitaa hutoa desibeli 95 hadi 100 kwa wati 1, ukipima kwa mita 1. Watu wawili wakizungumza wanafika kama 60. Yaani wati moja, moja tu, inaweza kumzima kabisa mtu anayezungumza nawe chumbani. Eric Clapton alirekodi «Layla» mwaka 1970 kwa Fender Champ, ampli ya wati kama 5 yenye lampu moja ya nguvu, na ukiisikiliza rekodi hiyo hutasema ni kitu kidogo. Wauzaji wanaoandika «ya chumbani» juu ya wati 5 wana vyumba vya namna nyingine, au hawana majirani.

Basi swali langu likabadilika. Sikuuliza tena ampli ipi ni ndogo, niliuliza mkwaruzo unazaliwa wapi ndani yake. Unaweza kuzaliwa katika lampu za mwanzo, zile ECC83. Ukiwa na kitufe cha pili cha sauti, unazisukuma hizo na kubana kinachotoka, na hapo kimya kinawezekana, ila sauti huwa nyembamba, kama nyuki kwenye chupa. Unaweza kuzaliwa katika lampu ya nguvu, na huo ndio wenye koo, lakini lazima lampu hiyo ifanye kazi mpaka ichoke, na nguvu hiyo lazima iende mahali. Na sehemu fulani inatoka katika karatasi ya spika yenyewe inapotikiswa kwa nguvu, na hiyo, kusema kweli, kwa sauti ya chini huipati kamwe. Nilikubali kuipoteza hiyo ya tatu. Sikukubali kuipoteza ya pili.

Kwa hiyo nikaiacha Epiphone Valve Junior, wati 5, rahisi na nzuri, lakini ina kitufe kimoja tu, ukitaka ichoke utaamsha mtaa. Niliifikiria Blackstar HT-1 ya wati 1. Wapo walionishauri nitumie programu ya simu na vipokea sauti vya masikioni, na kwa mtu mwenye haraka ni ushauri mzuri. Mimi nilitaka hewa itikisike. Mwishowe nilichagua Vox AC4TV: ECC83 moja, EL84 moja, spika ya inchi 10, na swichi yenye ngazi tatu, wati 4, wati 1, na robo ya wati. Dereva wa lori aliye rafiki wa yaya aliniletea iliyotumika kutoka Johannesburg. Nilichagua Afrika Kusini kwa makusudi, kwa sababu umeme wao ni volti 230. Kabla ya kulipa nilimwomba anitumie picha ya mgongo wake. Niliisoma mara tatu.

Nikanunua na stabilizeta, maana jioni ukutani kwetu nimepima volti 185. Lampu iliyozoea moto wa 6.3 ukiipa pungufu hivyo inalegea, na sauti inalegea nayo.

Kutoka wati 4 mpaka robo ni kupunguza nguvu mara kumi na sita. Kwa karatasi ni nyingi. Kwa sikio ni desibeli 12, zaidi kidogo ya nusu. Mkwaruzo ulikuwepo, ule wenye koo, nami nilikaa kitandani nikipiga noti moja kwa dakika nzima kama mtoto. Besi zilikuwa zimepungua, na hilo nililitarajia: Fletcher na Munson walionyesha tangu 1933 kwamba sikio husikia besi vibaya sauti ikiwa ya chini. Nilizungusha kitufe cha toni, nikaiweka ampli juu ya kipande cha godoro ili sakafu isitetemeke, nikaamini kazi imekwisha.

Mama muuguzi aligonga mlango siku ya tatu. Hakugomba. Aliniambia niende nikae chumbani kwake, rafiki yangu apige kwangu. Sikuwahi kuingia mle. Dirishani ametundika blanketi jeusi ili mchana uwe usiku, sare yake nyeupe iko ukutani, saa ya kengele imewekwa ndani ya sahani ya bati ili ilie zaidi. Nilikaa kwenye kiti, rafiki akapiga. Sauti haikupita ukutani, ilipanda ikapita juu, pale ambapo tofali halijafika kwenye mabati. Haikuwa kubwa. Lori lililopita barabarani lilikuwa kubwa kuliko hiyo. Nikamwambia hivyo.

«Malori nimeisha zoea,» alisema. «Hii inaongea. Kintu yenye inaongea, haiwezi kuniacha nilale.»

Nimelifikiria jibu hilo kuliko kitabu chochote nilichosoma mwaka huu. Sauti safi ya gitaa inapigwa na kufa, katikati kuna kimya. Sauti iliyokwaruza imebanwa: vilele vimeshushwa na mikia imeinuliwa, kwa hiyo haina mapengo, inaendelea kama mtu anayesimulia. Nilikuwa nimepima desibeli. Yeye alikuwa anasikiliza usemi. Na mimi ndiye niliyemwambia fundi kwamba nataka koo la mzee.

Tumekubaliana hivi: napiga kuanzia saa kumi na moja mpaka saa kumi na mbili jioni, wakati yeye anapika kabla ya kwenda kazini. Saa moja akishaondoka naweza kupanda mpaka wati 1, ila huo ndio wakati ambao umeme hukatika mara nyingi. Pengo la juu ya ukuta nimelijaza kwa trei za mayai na matambara, na yaya ametuma dola 20 za tofali.

Juzi alipita mlangoni na karai lake, akasimama kusikiliza kidogo, akauliza ile ndogo kabisa ni ngapi.

«Robo ya wati, Mama.»

«Na chini ya robo, hakuna?»

Niliitazama swichi, kana kwamba sikuwa naijua. Hakuna.