Hatuna Theluji, Tuna Chemchemi

Akina mama wenzetu, huku kwetu Kakonko theluji ni neno la kitabuni. Watoto hulikuta shuleni katika somo la jiografia, na sisi hulisikia kanisani kinaposomwa kitabu cha Isaya au Zaburi. Kitu kinachofanana nayo ambacho tumewahi kukishika mkononi ni mvua ya mawe. Inapopiga mabati na kuchana majani ya migomba, watoto hukimbilia uani na mabakuli kuokota barafu ile na kuimung'unya. Majirani zetu wa Burundi huiita urubura. Kabla hujamaliza kuwakemea, bakuli limebaki na maji kidogo yenye vumbi.

Hata hivyo theluji hutajwa mara nyingi katika mikutano yetu ya akina mama, hasa wakati wa kiangazi. Kuanzia Juni mpaka Septemba foleni ya ndoo kisimani hurefuka, na mama aliyeamka saa kumi alfajiri hurudi nyumbani jua likiwa limeshapanda. Hapo utasikia: "Wenzetu wa Kilimanjaro wamebarikiwa. Theluji yao ikiyeyuka wanapata maji mwaka mzima. Sisi tutategemea nini?"

Maneno hayo husemwa kwa uchovu, wala hatumlaumu anayeyasema. Lakini yana madhara. Mtu anayeamini kwamba maji ni bahati ya watu wenye mlima mrefu hataona sababu ya kuilinda chemchemi iliyo nyuma ya shamba lake. Kwa hiyo tumeona vema tuizungumzie theluji hiyo: inampa nani maji, na kwa kiasi gani?

Theluji ni ghala

Ziko nchi ambazo theluji huwanywesha watu kweli. Sote tunaufahamu Mto Yordani kutokana na Biblia. Maji yake ya mwanzo hutoka katika chemchemi zilizo chini ya Mlima Hermoni. Wakati wa baridi theluji huanguka juu ya mlima huo. Jua likianza kuwa kali huyeyuka polepole, maji huzama katika mawe ya chokaa, kisha huibuka chini yakiwa chemchemi. Huko Pakistani nako, Mto Indus hulishwa kwa sehemu kubwa na theluji na barafu za milima mirefu ya kaskazini, na mashamba ya mamilioni ya watu hutegemea mto huo.

Katika nchi hizo theluji hufanya kazi kama ghala la mahindi. Inaanguka wakati shamba halihitaji maji, inakaa juu ikiwa imehifadhiwa, kisha inashuka joto linapoanza na mkulima anapoihitaji. Lakini ili ghala lilishe kijiji, lazima liwe kubwa, na lazima lijazwe kila mwaka.

Kambi ya Barafu isiyo na maji

Je, Kilimanjaro ni ghala la namna hiyo? Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann aliona kitu cheupe juu ya mlima huo, akamwuliza kiongozi wake wa njia ni nini. Kiongozi yule hakuwa na jina la kitu kile, akasema tu ni "baridi". Habari ilipofika Ulaya, baadhi ya wataalamu waliokuwa hawajakanyaga Afrika walikataa kwamba theluji inaweza kuwepo karibu na ikweta. Rebmann alikuwa sahihi, theluji ilikuwepo.

Lakini tangu hapo imepungua sana. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilifunika takriban kilomita za mraba 12. Ilipofika mwaka 2011 zilikuwa zimebaki chini ya 2. Wanasayansi waliwahi kutabiri mwaka 2002 kwamba ingekwisha kati ya mwaka 2015 na 2020. Miaka hiyo imepita na barafu bado ipo, ila ni mabaki, na inaendelea kupungua.

Ungetegemea basi kwamba huko juu maji yanatiririka kila upande. La hasha. Juu ya mlima, mita 4,673 kutoka usawa wa bahari, iko kambi ya wapanda mlima iitwayo Barafu. Kambi hiyo haina maji. Wapagazi huyachota chini, katika bonde la Karanga, na kuyapandisha kwa mabega na vichwa vyao. Kwa nini? Kwa sababu hewa ya kileleni ni baridi na kavu kupita kiasi. Sehemu kubwa ya barafu haigeuki kuwa maji kabisa. Inapotea hewani moja kwa moja ikiwa mvuke, kama vile nguo iliyolowa inavyokauka kwenye kamba bila kudondosha tone.

Maji ya Wachaga na ya Mto Pangani yanatoka wapi basi? Yanatoka msituni. Mvua nyingi ya mlima ule haianguki kileleni, huanguka katikati, penye msitu mnene. Huko ukungu nao hunaswa na majani na kuvu za miti, ukadondoka tone kwa tone hadi ardhini. Udongo wa msitu hunyonya, huhifadhi, kisha huachia kidogo kidogo katika vijito ambavyo mababu wa Kichaga waliviongoza mashambani kwa mifereji yao. Inakadiriwa kwamba zaidi ya asilimia 90 ya maji ya mlima hutoka katika ukanda wa msitu. Wataalamu wanaoufuatilia mlima huo wameonya kwamba moto unaoteketeza misitu ya juu unaupunguzia mlima maji kuliko kuyeyuka kwa barafu.

Hali ni hiyo hiyo Ruwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo. Utafiti uliotolewa mwaka 2009 ulionyesha kwamba katika Mto Mubuku, barafu inayoyeyuka huchangia chini ya asilimia 2 ya maji yanayofika chini ya mlima. Yaliyobaki huletwa na mvua inayohifadhiwa na misitu na mabwawa ya mlimani.

Kwa hiyo, dada zetu, tusiwaonee wivu watu wa Kilimanjaro. Wao na sisi tunakunywa kutoka mtungi mmoja: mvua na miti.

Maswali kutoka Texas

Baadhi ya watu tuliowahi kuishi nao hapa sasa wanaijua theluji kuliko sisi. Kambi ya Mtendeli, iliyokuwa wilayani kwetu, ilifungwa mwaka 2021, na kwa miaka mingi familia kutoka kambi za mkoa huu zimehamishiwa nchi za mbali. Februari 2021 baridi kali iliikumba Texas, Marekani. Umeme ulikatika, mabomba yaliganda na kupasuka, na mamilioni ya watu wakakosa maji salama. Wengi walijaza theluji kwenye masufuria na ndoo ili wapate hata maji ya kumwaga chooni. Mama mmoja tuliyemzoea tangu siku za kliniki ya watoto alitupigia simu kutoka huko. "Dada wauguzi, hii theluji ni nyeupe kama pamba. Nimpe mtoto anywe?"

Tulimjibu kama ambavyo tungemjibu mama wa hapa kuhusu maji ya mvua au ya kisima. Weupe hauonyeshi usafi. Theluji hubeba vumbi na moshi wa hewani, na ikifika chini hupata uchafu wa wanyama, na barabarani hutiwa chumvi. Chota ile mpya ya juu, mbali na barabara. Iyeyushe, uichuje kwa kitambaa safi, kisha uichemshe. Usimpe mtoto theluji yenyewe aile badala ya maji, kwa maana itampoza mwili wakati anahitaji joto. Naye anayenyonya aendelee kunyonya.

Siku ya pili alitupigia tena akilalamika: "Sufuria zima limenipa kikombe!" Ndivyo ilivyo. Theluji mpya imejaa hewa, na mara nyingi ndoo kumi hutoa kama ndoo moja tu ya maji. Tena inakula moto. Joto la kuyeyusha kilo moja ya barafu lingetosha kuipasha kilo moja ya maji kutoka ubaridi wa kuganda hadi nyuzi 80. Sisi tunaohesabu kuni tunaelewa maana yake. Ungechoma kuni za mchana kutwa kabla hujaweka hata maji ya ugali.

Simu ile ilitukumbusha kazi yetu ya kila siku. Mama wa kwetu naye hudanganywa na macho. Maji ya chemchemi ni baridi, hayana rangi, yanameta, naye humpa mtoto moja kwa moja. Siku tatu baadaye yuko zahanati na mtoto aliyelegea, macho yameingia ndani, nepi haikauki. Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatoe mapovu makubwa kwa dakika moja kamili, yapozwe ndani ya chombo chenye mfuniko, na yachotwe kwa kata yenye mpini mrefu ili mkono usiguse. Anayekosa kuni ajaze maji maangavu katika chupa safi za plastiki zisizo na rangi, azilaze juani kwa saa sita. Kukiwa na mawingu mengi aziache siku mbili.

Mita sitini

Sasa turudi kwenye vilima vyetu. Mto Malagarasi huanzia katika nyanda za juu za mpakani na Burundi, ambako hakuna mlima hata mmoja wenye theluji. Chemchemi zetu nazo hutegemea mvua za Novemba mpaka Aprili ambazo ardhi imezipokea na kuzitunza. Ghala letu ni udongo ulio chini ya miti. Mti ukikatwa na mteremko ukilimwa hadi kwenye jicho la maji, mvua hupita mbio kuelekea bondeni, na Agosti tunakwangua matope kwa kikombe.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji. Kuisema sheria hiyo ni rahisi. Katika kijiji kimoja tunachokitembelea na akina mama wa kanisa, bustani za mboga zilikuwa zimeizunguka chemchemi, maana kiangazi pale tu ndipo penye udongo wenye unyevu. Tulipolileta jambo hilo mkutanoni, mama mmoja mjane mwenye watoto watano alisimama akasema, "Mchicha ule ndio madaftari ya watoto wangu. Nikiuacha, hiyo miti itawasomesha?"

Hatukuwa na jibu la haraka, na kumsomea kifungu cha sheria kungekuwa ukatili. Tulikaa vikao vitatu. Mwishowe akina mama walikubaliana wapime mita 60, bustani zihamie chini ya mpaka huo, na maji yanayofurika kutoka kisimani yaongozwe kwa mfereji mdogo hadi kwenye matuta mapya. Mjane yule alipewa tuta la kwanza, karibu kabisa na mfereji. Mikaratusi haitapandwa pale, kwa kuwa inakunywa maji mengi. Wamepanda mikuyu na miti mingine ya asili. Mama mmoja bado hajahama, na wenzake wanaendelea kumwendea kwa upole. Kama kisima kitajaa zaidi, hilo litaonekana baada ya miaka, si msimu huu. Mjane anasema mchicha wa mwaka huu ulikuwa haba kuliko wa zamani, lakini umetosha madaftari.

Wahenga walisema, usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Chemchemi ni mkunga wetu, na kiangazi kingine kinakuja. Kwa hiyo tunawaomba, akina mama, mfanye mambo matatu mwezi huu. Nendeni na waume zenu hadi kwenye chanzo cha maji mnachokunywa, mpime hatua ndefu sitini kila upande, na mtazame kilichopo ndani yake. Mkikuta shamba la jirani, zungumzeni naye kabla ya kwenda kwa mtendaji, mkimsaidia kufikiri atalima wapi. Na jioni hiyo hiyo, hata kama maji mliyorudi nayo yanameta kama kioo, yachemsheni kabla mtoto hajayanywa.