Maturubai Arobaini



Jumapili ile tulitoka Misa tukawakuta uwanjani. Walikuwa wametembea siku kadhaa kutoka upande wa Kabambare, wakikimbia mapigano. Wengine walibeba magodoro, wengine sufuria moja tu, na akina mama walikuwa wamewafunga watoto mgongoni kwa vitenge vilivyolowa. Madarasa ya shule yaliwapokea baadhi yao. Waliobaki walijijengea vibanda vya majani nyuma ya kanisa, na kila aijuaye Kasongo wakati wa mvua anajua kibanda kibichi huvumilia usiku mngapi.

Kamati yetu ya walei ilikutana chini ya mwembe, wala hatukuketi. Tulikuwa na dola 640, yaani matoleo ya siku hiyo pamoja na msaada wa ndugu zetu walioko Bukavu na Kindu. Tulimwita mweka hazina wetu, dada mmoja mwalimu wa shule ya msingi, tukamkabidhi fedha na kumwambia neno moja tu: "Kimbia."

Naye alikimbia. Alipofika sokoni alimkuta mfanyabiashara mmoja tu mwenye maturubai, kwa maana malori yalikuwa yamekwama njiani kwa majuma mawili. Bei ya kawaida ilikuwa dola 9, lakini siku ile aliombwa dola 14. Alinunua arobaini kwa dola 560. Muuzaji hakuwa na kitabu cha risiti, na giza lilikuwa linaingia, basi dada yetu aliandika hesabu kwenye kipande cha karatasi ya shule akakitia katika mkoba. Usiku huo mvua ilinyesha hadi alfajiri, na watoto walilala pakavu. Sisi sote tulimsifu.

Miezi mitatu baadaye barabara ilikauka, malori yakafika, na maturubai yakarudi dola 9. Ndipo mtu mmoja akauliza: mbona yetu yalinunuliwa kwa 14? Hakuuliza katika kikao. Aliuliza kisimani, kisha swali likatembea lenyewe. Tofauti ilikuwa dola 200, na kwa mwalimu wa shule ya msingi hizo ni zaidi ya mshahara wa mwezi. Dada yetu alitoa kile kipande cha karatasi, lakini hakikuwa na sahihi ya muuzaji wala ya shahidi. Akasema yupo tayari kulipa kidogo kidogo kutoka mshahara wake. Tuliposikia hivyo wengine wetu tulinong'ona: kama hana kosa, kwa nini anataka kulipa? Aliacha uongozi, akaanza kusali katika shirika la mtaa mwingine. Sisi tuliomwambia "Kimbia" hatukusema neno.

Tunakiri hapa, ninyi vijana mkisoma, kwamba kosa lilikuwa letu. Tulilifahamu tulipoeleza habari hii kwa mzee mmoja aliyewahi kuwa karani serikalini. Alitusikiliza, kisha akatuuliza kama tunadhani serikali nayo hununua hivyo wakati wa dharura. Tulicheka, tukamjibu kwamba serikali hununua vibaya zaidi. Yeye hakucheka.

Alitufundisha kwamba nchi yetu ina Sheria nambari 10/010 ya tarehe 27 Aprili 2010 kuhusu mikataba ya ununuzi wa umma. Kanuni yake ya kawaida ni kutangaza hadharani, wauzaji walete bei zao katika bahasha zilizofungwa, na bahasha zifunguliwe mbele ya watu. Njia ya kuchagua muuzaji mmoja bila mashindano, ile iitwayo kwa Kifaransa "gré à gré", imeruhusiwa, lakini kama jambo la pekee. Dharura kubwa ambayo hakuna aliyeweza kuitazamia ni mojawapo ya sababu zinazokubaliwa. Hata hapo, ofisi inayotaka kununua hulazimika kueleza sababu zake na kupata kibali cha idara inayodhibiti mikataba ya serikali. Kwa maneno ya yule mzee, dharura huondoa foleni ya wauzaji, haimwondoi shahidi.

Neno "kuitazamia" lilituchoma. Vita vya Kabambare hatukuvipangia siku, ni kweli. Lakini je, mvua? Mvua ya Maniema huja kila mwaka, barabara hukatika kila mwaka, na bei hupanda kila mwaka. Nusu ya dharura yetu tuliitengeneza sisi wenyewe kwa kukaa kiangazi kizima bila kuuliza bei ya kitu chochote.

Tulikumbuka pia kesi tuliyoifuatilia redioni mwaka 2020. Rais Félix Tshisekedi alikuwa amezindua mwezi Machi 2019 programu ya dharura ya siku 100, na ndani yake mikataba ya nyumba za kuunganisha ilitolewa kwa gré à gré. Vital Kamerhe, aliyekuwa mkurugenzi wa ofisi ya Rais, alishtakiwa kwa ubadhirifu. Kesi ilisikilizwa katika gereza la Makala, Kinshasa, na tarehe 20 Juni 2020 alihukumiwa miaka 20. Mahakama ya rufaa ilipunguza adhabu, kisha hukumu ikabatilishwa, na mwaka 2022 akaachiliwa huru bila hatia. Hatuandiki haya ili tuhukumu upya yale ambayo mahakama imekwisha kuyaamua. Tunachokumbuka ni mabishano yetu chini ya mwembe uleule: mmoja akisema ameonewa, mwingine akisema ameponyoka, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameona karatasi moja ya mikataba hiyo. Tulikuwa tunamtendea kiongozi wa taifa lilelile tulilomtendea dada yetu.

Mtume Paulo, alipokusanya mchango kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, hakukubali fedha zisafiri na mtu mmoja. Makanisa yalichagua wenzake wa safari, asije mtu akamlaumu. Barua hiyo tulikuwa tumeisoma mara nyingi kanisani.

Mwaka huu, katika kiangazi, vijana wawili walizunguka kwa wauzaji watatu wakaandika bei za maturubai, sabuni na chumvi katika daftari. Familia nyingine zilipofika kutoka Kabambare, tulituma watu wawili badala ya mmoja, na kabla ya kulipa waliandika kwa nini wamemchagua muuzaji yule. Ukweli ni kwamba jambo hili lilitugharimu. Tulingoja asubuhi ili wa pili apatikane, na usiku huo familia mbili zilinyeshewa. Mama mmoja alitutazama kwa namna ambayo hatujaisahau. Bado tunabishana kama ilistahili, na Baba Paroko amekataa kutuamulia.

Mwishoni mwa mwezi tulikwenda watu wanne nyumbani kwa dada yetu kumwomba msamaha. Alitukaribisha, akatupa viti na maji ya kunywa, akatusikiliza hadi mwisho. Kuhusu kurudi katika kamati hakujibu. Aliomba aone daftari. Alilisoma polepole, kidole kikishuka mstari kwa mstari kama anavyosahihisha madaftari ya wanafunzi, kisha akasimama kwenye mstari wa tatu akauliza kwa nini sahihi ya muuzaji wa chumvi haipo.