Ushungi Bila Pini: Mwari Wetu na Fildi ya Dakawa

Wiki hii siongelei gauni la akdi wala la kupambia. Naongelea suruali pana ya kaki.

Mtoto wa dada yangu anasoma mambo ya mazingira, na hamalizi mpaka afanye mafunzo kwa vitendo, wenyewe wanaita fildi. Alipangiwa Dakawa, kama kilomita 50 kutoka Morogoro mjini ukishika njia ya Dodoma. Wiki nane za kupanda miti kando ya mto Wami, na kukaa na wakulima wa mpunga kuwaeleza kwa nini sheria ya mazingira ya 2004 inakataza kulima ndani ya mita 60 kutoka ukingoni.

Sasa posa ilishajibiwa na mahari yameshatajwa. Upande wa mume wakaleta ujumbe: mwari haendi porini, na akienda wao wanarudi nyuma.

Nusu ya hofu yao niliiheshimu. Anasafiri na nani? Analala wapi? Hayo ni maswali ya dini na yana majibu. Kaka yake alimpeleka mwenyewe, boti hadi Dar, treni ya umeme hadi Morogoro, kisha basi. Chumba kapata kwa mama mmoja mjane, mswalihina. Nusu nyengine ndiyo iliyonishinda: "Atarudi mweusi, singo haitamshika." Hebu! Mtume wetu (s.a.w.) katufundisha, imo Bukhari na Muslim, kwamba Muislamu akipanda mti, akala humo ndege, mtu au mnyama, huandikiwa sadaka. Hakusema apande aliye kivulini.

Mimi kazi yangu ni nguo, basi nikashika cherehani. Yeye alitaka baibui jeusi alilolizoea. Nikamkatalia. Kule nyika za Wami kuna mbung'o, na mbung'o wanapenda nyeusi na buluu; hata mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo hizo. Utamvisha mtoto mtego? Nikachukua drili nyepesi rangi ya udongo. Kanzu inayofika chini ya magoti, imepasuliwa pembeni ili aruke mfereji, na ndani yake suruali pana yenye mpira vifundoni, iingie kwenye mabuti. Mikono mirefu, vifungo viwili, kwa ajili ya upupu. Ushungi nimeushona mzima, hauna pini hata moja, maana ukiinama na jembe pini inachoma na upepo unafunua. Mifuko minne. Suti tatu, moja mwilini, moja kambani, moja akiba ya kuswalia.

Mama mkwe mtarajiwa akaja dukani. Akaipapasa drili, akauliza kama juani inaonesha ndani. Nikaipeleka dirishani akaiona. Akanyamaza, halafu akauliza, "Na mamba je, huo mto hauna?" Nikamwambia, "Wamo, bibi. Ndiyo maana hawafanyi kazi peke yao." Akacheka. Nikamkumbusha Wami unamwaga maji yake Saadani, ng'ambo ya pili tu ya sisi. Udongo unaomomonywa Dakawa bahari yake ni hii hii tunayovulia dagaa.

Jibu lao lilikuja siku tatu baadaye: aende, kaka yake awe anamtembelea, na harusi isivuke mwezi tuliopanga. Baba yake akakubali yote. Naona ni masharti ya watu waungwana.

Yupo wiki ya tano sasa. Anapiga simu baada ya Isha, sauti imechoka, anaongelea miche iliyoshika na ile iliyoliwa na mbuzi. Anasema wanawake wa mashambani wameuliza ushungi ule unauzwa bei gani. Gauni lake la akdi nimelikata, lakini ubavuni sijalishona. Anasema kapungua, basi nasubiri arudi nimpime upya.