Kiti cha Darasa la Sita

Sanduku lilikuwa la kadibodi, limefunikwa kwa karatasi ya buluu. Ilikuwa mwezi wa nne mwaka 2006, katika ukumbi wa kanisa moja jijini Washington, na wazazi tulijaa mpaka wengine wakaegemea ukutani. Mwalimu mkuu alichomoa kadi moja moja na kusoma nambari, msaidizi wake akiziandika ubaoni. Kila nambari ilikuwa mtoto. Binti yangu alitoka wa tisa. Mtoto wa jirani yetu, mama mmoja wa Bukavu tuliyekaa naye jengo moja, alitoka viti vimekwisha, akaandikwa kwenye orodha ya kusubiri, nambari 31.

Yule mama alinigeukia. "Hongera, kaka. Mungu amlinde mtoto." Kisha akakifunga kilemba chake upya, polepole, kama mtu anayetafuta kazi ya kuipa mikono.

Shule iliyotukusanya ilikuwa ya darasa la sita hadi la nane, ya hesabu na sayansi, nayo ilikuwa katika zile zinazoitwa shule za mkataba. Marekani zilianzia kwenye sheria ya jimbo la Minnesota ya mwaka 1991. Washington zilifunguliwa mwaka 1996. Si shule za binafsi. Fedha ni za umma, ada hakuna, mtihani wa kuingia hakuna. Bodi hupewa mkataba wa kuiendesha shule, na ikishindwa kutimiza ilichoahidi, mkataba huondolewa na milango hufungwa. Waombaji wakizidi viti, hupigwa kura. Siku hizi mzazi wa Washington hujaza fomu moja akataja shule kadhaa. Wakati ule kila shule ilikuwa na fomu yake na siku yake. Mimi nilikuwa dereva wa teksi, gari ninalo, niliweza kuzifikia shule sita. Mama wa Bukavu alisafisha maofisi usiku na kulala mchana. Alifikia mbili. Jambo hilo nililiwaza baadaye sana, na lilipaswa kunijia siku ileile.

Kura haikuwa ngeni kwangu. Niliingia Marekani mwaka 1997 kwa bahati nasibu ya viza, binti yangu akiwa na miaka miwili. Na kabla ya hapo, mwaka 1979, nilifanya mtihani wa darasa la saba Tanga. Katika darasa letu waliochaguliwa kwenda sekondari walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Mimi sikuchaguliwa. Kwa miaka mingi niliamini kwamba kichwa changu ndicho kilichopungua, kumbe viti ndivyo vilivyopungua.

Basi shule ilianza, chini ya kanisa lilelile. Maabara ilikuwa jiko la waumini. Huko ndiko binti yangu alikojifunza kuchemsha kabichi nyekundu na kutumia maji yake kupima asidi: siki huyageuza kuwa ya waridi, sabuni huyapeleka kwenye kijani. Siku moja alibeba kipande cha magadi alichotuletea mama yangu kutoka Tanga, yale ya kupikia maharage. Maji yakawa kijani. Alirudi nyumbani akitaka kujua bibi aliyajuaje magadi bila maabara, na jioni nzima tulizungumza habari za bibi.

Mwalimu wao wa hesabu, binti mdogo wa umri, aliwatoa darasani kila alipoweza. Aliwafundisha kwamba mwaka 1791 Benjamin Banneker, Mweusi huru wa Maryland aliyejifundisha mwenyewe elimu ya nyota, alikuwa katika kundi la wapimaji walioanza kuweka mipaka ya mji huu: mraba wa maili 10 kila upande, jiwe kila maili, mawe 40. Akawapeleka kwenye jiwe mojawapo, kando ya Eastern Avenue, limezungushiwa uzio wa chuma. Kisha akawauliza: mraba huo una maili za mraba 100, mbona za mji wa leo hazifiki 70? Watoto wakarudi kwenye ramani wakakuta kipande cha ng'ambo ya mto Potomac kilirudishiwa Virginia katika miaka ya 1840. Mimi nilikuwa nikipita barabara ile kila siku na abiria, wala sikuwahi kuliona jiwe.

Alipofika darasa la saba, binti yangu aliigeukia kazi yangu. Teksi za Washington zilitoza kwa zoni: abiria akivuka mstari wa ramani, nauli inapanda, hata kama ni hatua chache. Mwezi wa kumi mwaka 2007 meya Adrian Fenty aliamuru mita, nasi madereva tukagoma. Binti yangu aliomba daftari langu la safari, akachora grafu mbili kwenye karatasi ya miraba. "Baba, tazama. Zoni ni ngazi, mita ni mteremko." Akanionyesha ni safari zipi ningepoteza na zipi ningepata. Sikupenda alichonionyesha, lakini hesabu ilikuwa sahihi, na mita zilipowekwa mwaka 2008 mapato yangu yalikwenda kama mstari wake ulivyosema.

Kijana wa yule mama wa Bukavu alisoma shule ya mtaani. Orodha haikusogea kufikia 31. Kule aljebra haikufundishwa darasa la nane, na katika shule za Marekani hiyo ndiyo ngazi ya kwanza: asiyeanza aljebra mwaka huo, kwa kawaida hawahi kufika kalkulasi kabla ya kumaliza sekondari, na vyuo vya uhandisi hulitazama hilo. Jumamosi alishuka kwetu, akakaa na binti yangu kwenye meza ya jikoni, wakapitia daftari la binti mlinganyo kwa mlinganyo. Mara nyingi yeye ndiye aliyemwonyesha binti yangu njia fupi. Niliwasikiliza nikiwa napika ugali, na najua nilichosikia.

Binti yangu leo ni mhandisi wa maji. Kijana anatengeneza lifti, ni fundi anayeheshimika, na mama yake anamjivunia kwa haki. Lakini alitaka kujenga madaraja, aliniambia hivyo akiwa na miaka 13, na tangu jioni ile ukumbini sijapata kuona kosa lolote alilofanya. Alistahili kiti kilekile alichokalia mwanangu.