Majani Mawili na Kichipukizi



Kabla hujaanza kukariri sifa za wahusika, nina kisa kimoja cha kukusimulia. Hakimo katika kitabu chochote utakachotahiniwa. Ni cha kwetu Nyamira, mwaka 1993, nilipokuwa darasa la sita.

Kwetu tulichuma majani chai. Kila mtoto wa huko anaijua kanuni: majani mawili na kichipukizi chake, basi. Jani lililokomaa huachwa palepale. Ijumaa moja baada ya masomo, Mama alinipa mistari miwili nichume. Wenzangu walikuwa wakicheza mpira, na kelele zao zilinifikia shambani. Nikachuma kwa pupa. Nilipoona kikapu hakijai, nikaanza kukwanyua kila jani lililofika mkononi. Yale magumu niliyaweka chini, nikayafunika kwa machache laini.

Kituoni, karani alitumbukiza mkono hadi chini ya kikapu, akatoa konzi moja na kuitazama.

"Mama, haya siwezi kuyapima."

Watu wote kwenye foleni waligeuka, wakiwemo watoto wa darasa langu. Nikangoja Mama aseme ni mimi. Hakusema.

"Makosa ni yangu, mwanangu," alimjibu karani. "Nipe muda niyachambue."

Akatandika leso nyasini, akamwaga majani yote na kuanza kuyachambua, moja baada ya jingine. Niliketi kando yake nikafanya vivyo hivyo, nimeinamisha uso. Lori lilikuwa njiani, na majani ambayo yangelala hadi kesho yake yasingenunuliwa. Mzigo uliotoka shambani ukiwa kama kilo 14 ulipimwa kilo 9. Tulirudi nyumbani gizani. Njia nzima Mama alisema neno moja tu: "Kesho utachuma karibu nami."

Kwa miaka mingi nilikikumbuka kisa hiki kama siku ya aibu. Nilipofika kidato cha nne, sikudhani kwamba kina uhusiano wowote na fasihi. Niliamini fasihi ni habari za watu wengine, wa mahali pengine, wenye mambo makubwa. Sisi tulikuwa na chai, ng'ombe na kuni, basi.

Nilizinduka miaka mingi baadaye, nikiwa mtahini. Nilikuwa nikisahihisha jibu la swali la alama 20. Mtahiniwa alikuwa amejaza kurasa tatu, lakini kila nilipotafuta hoja nilikuta maneno matupu: mhusika ni mvumilivu, tena ni mvumilivu sana, kwa kweli uvumilivu wake ni mkubwa. Hakutaja tendo hata moja. Nikakumbuka kikapu changu. Huyu naye alikuwa ametafuta uzito kwa majani makavu. Nikakumbuka pia neno la Mama: niyachambue. Ndilo neno tunalolitumia darasani kila siku, tunaposema uchambuzi wa tamthilia au wa riwaya. Mama hakuwahi kuketi katika somo la fasihi, ila alijua kwamba kuchambua ni kushika kitu kimoja kimoja, kukitazama, na kuamua kama kinafaa kubaki.

Sasa nikuulize. Mama yangu ni mhusika wa aina gani? Ukiandika "ana mapenzi", bado hujanishawishi. Ukiandika kwamba ana mapenzi kwa sababu alijitwika lawama mbele ya umati ili mwanawe asiaibike, hapo umechambua. Je, ni mwadilifu? Alimdanganya karani kuhusu mwenye makosa, lakini hakukubali kuuza majani mabaya. Swali hilo halina jibu jepesi, na maswali ya namna hiyo ndiyo yanayotofautisha mtahiniwa mzuri na mtahiniwa bora.

Utakaposoma *Bembea ya Maisha* ya Timothy Arege, utakutana na Sara, mama anayeugua kijijini, na Neema, bintiye anayeishi mjini. Usikimbilie mwongozo. Kwanza jiulize: kwetu mtu alipougua, nani alipika? Nani aliuza nini ili dawa ipatikane? Nani alinyamaza, na kimya chake kilisema nini? Ukijibu hayo, Sara hatakuwa jina la kukariri. Atakuwa mtu unayemfahamu.

Tahadhari moja: katika Karatasi ya 102/3 usiandike habari za mama yako wala za mama yangu. Ushahidi utoke kitabuni. Kumbukumbu zako zinakusaidia kuona, na kitabu ndicho kinachokupa la kuandika. Watahiniwa wengi hupoteza alama kwa kuchanganya hayo mawili.

Zoezi: Kumbuka tukio moja dogo la nyumbani, la kisimani, malishoni au jikoni, ambalo hujalisahau hadi leo. Liandike kwa sentensi tano. Chini yake, taja sifa mbili za mtu mmoja aliyehusika, kila sifa na tendo linaloithibitisha. Sifa isiyo na tendo, ikate.

Mimi nilipofanya zoezi hili, nilimpelekea Mama karatasi. Aliisoma polepole, akacheka, akasema alijua tangu shambani kwamba yale majani yalikuwa yangu.