Sikio la Mkunga na Kifua cha Mgonjwa

Mintarafu ya elimu ya kumpima mgonjwa kwa macho, mikono na masikio, yaani ile kazi ya muuguzi inayotangulia maabara na picha za eksirei, nimejaaliwa kusoma katika nchi mbili, kwanza katika chuo cha uuguzi mkoani Tanga na baadaye katika chuo kikuu kaskazini mwa Uingereza. Na kila ninapoulizwa na vijana wa nyumbani wanaojiandaa kuja huku ni upande gani unaofundisha vizuri zaidi, hujibu kwamba kila upande umemwamini muuguzi kwa kiungo kimoja na kumnyima imani kwa kingine.

Nyumbani kilichoaminiwa ni mkono. Mwanafunzi haingii wodi ya wazazi akakaa sana kabla ya kuitwa na mkunga mkongwe aweke viganja vyake juu ya tumbo la mama mjamzito, atafute kichwa cha mtoto kilipo, mgongo umeelekea ubavu gani, na mfuko wa uzazi umefika vidole vingapi juu au chini ya kitovu. Mgongo ukishapatikana ndipo huwekwa fetoskopu, ile pembe ndogo iliyotungwa na tabibu Mfaransa Adolphe Pinard mwaka 1895, na sikio likainamishwa juu yake huku mkono ukiiachilia, kwa kuwa vidole vikiishika huleta mikwaruzo isiyokuwamo tumboni. Na ule mkono ulioachwa huru hushika mshipa wa mama penye kifundo cha mkono, ili mapigo yake yasije yakadhaniwa kuwa ya mtoto, ambayo kwa kawaida huwa baina ya 110 na 160 kwa dakika. Umeme ukikatika kazi haisimami. Mkunga akisema moyo wa mtoto unakwenda polepole mno, daktari huitwa usiku wa manane, wala hakuna anayeuliza mashine imesema nini.

Lakini muuguzi huyo huyo akihamishiwa wodi ya wanaume, akamkuta mzee anahema kwa shida, aghalabu atapima joto, presha na mapigo, atahesabu pumzi, ataandika kwenye faili, kisha atangoja raundi. Katika wodi nilizozijua mimi, kifua kilikuwa milki ya daktari, na chombo cha kusikilizia kilichoning'inia shingoni mwa muuguzi kilikuwa cha kupimia presha tu. Jambo hili limenisumbua miaka mingi, kwani sikio lililoweza kuupambanua moyo wa mtoto asiyezaliwa, nyuma ya ngozi, misuli na maji, halishindwi kuupambanua mlio wa pumu katika kifua cha mzee aliyekonda.

Huku Uingereza, Baraza la Uuguzi na Ukunga liliandika katika viwango vyake vya mwaka 2018 kwamba kila muuguzi, kabla ya kusajiliwa, awe na uwezo wa kusikiliza kifua na kufasiri alichokisikia. Basi hufundishwa kwa utaratibu usioruka hatua: kutazama, kupapasa, kugonga, kusikiliza, isipokuwa tumbo, ambalo husikilizwa kabla ya kuguswa, kwa sababu mkono ukitangulia huweza kubadili sauti za utumbo. Somo huanzia kwa sanamu la mpira ambalo kifua chake hupanda na kushuka, na mwalimu aliye nyuma ya kioo hubadili sauti zake apendavyo, mara filimbi ya pumu, mara mchakacho wa mapafu yaliyoingiwa na maji. Kisha huja ule mtihani wa vituo ulioasisiwa na Ronald Harden mjini Dundee na kutangazwa mwaka 1975, ambamo mwanafunzi huhama kituo hadi kituo kwa kengele, na mtahini huandika alama kwa kila tendo; na aliyemgusa mgonjwa pasipo kujitaja jina, kuomba idhini, kuvuta pazia na kufunika sehemu isiyopimwa, hupoteza alama hata kama mkono wake ni mahiri.

Adabu hiyo ya kujitaja jina ilitiliwa nguvu na Kate Granger, daktari wa wazee wa huku huku Yorkshire, ambaye alipokuwa mwenyewe mgonjwa wa saratani mwaka 2013 aliona wahudumu wakimjia kitandani pasipo kusema wao ni nani, akaanzisha kampeni iliyoenea nchi nzima. Ningependa sana ivuke bahari. Nyumbani nimesikia mara nyingi, "Mama, lala tukupime," na kwa kauli hiyo moja nguo zikafunuliwa mbele ya wodi nzima. Na najua udhuru unaotolewa, kwamba vitanda vimesongamana na wauguzi ni wachache, ila kuuliza hakuhitaji nafasi, na khanga ya mama mwenyewe hutosha kuwa sitara. Tusisahau kuwa chombo chenyewe cha kusikilizia kilizaliwa kwa staha: mwaka 1816, mjini Paris, tabibu Laennec aliona haya kuweka sikio kifuani mwa mwanamke kijana, akakunja karatasi ikawa bomba, na kwa bomba lile akausikia moyo vizuri kuliko alivyopata kuusikia.

Ila huku nako kuna upungufu, nao u katika mkono na jicho. Kati ya saa 2,300 za mazoezi anazotakiwa kutimiza mwanafunzi, saa 600 zaweza kuwa za maigizo, na sanamu halitoki jasho, halijikunyati kwa maumivu, na aghalabu ni jeupe. Vitabu vingi nilivyopewa vilieleza midomo kuwa ya samawati na ngozi kuwa ya kijivu, kana kwamba wagonjwa wote wametoka kijiji kimoja. Na haikuwa ila mwaka 2020 ambapo Malone Mukwende, aliyekuwa bado mwanafunzi wa udaktari mjini London, alishirikiana na walimu wake kutoa kitabu kinachoonyesha dalili za maradhi katika ngozi nyeusi na ya kahawia. Mwaka huo huo watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kile kifaa cha kubana kidole kinachopima oksijeni hukosa kuufichua upungufu wake kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe.

Mtu aliyesomea Tanga hajapata kuitegemea rangi ya shavu. Tulifunzwa kuvuta kope ya chini na kuutazama utando wake wa ndani, kutazama ulimi na ufizi, na kukiweka kiganja cha mtoto sambamba na kiganja chetu wenyewe ili weupe wa upungufu wa damu udhihirike, kama unavyoagiza mwongozo wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF wa kuwatibu watoto wagonjwa. Nakumbuka bibi mmoja mwenye asili ya Karibiani, aliyeandikiwa kwamba rangi yake ni ya kawaida. Nilipomwomba ruhusa nikaivuta kope yake, ndani mlikuwa mweupe kabisa, na damu ilipopimwa siku hiyo hiyo ilikuwa imeshuka mno. Mwenzangu wa zamu, muuguzi hodari ambaye hakukosa bidii bali alikosa wa kumwonyesha, aliniomba nimfunze, nami nikamfunza pale pale, kwa kope zangu.

Kwa walimu wa vyuo vya nyumbani nina ombi moja, nalo halihitaji sanamu la mpira wala mwalimu kutoka ng'ambo. Chombo kimo wodini tayari, na sikio limekwisha kunolewa na fetoskopu. Waanze wanafunzi kusikiliza vifua vizima vya wenzao, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake, hata sauti ya uzima iwakae masikioni. Kisha wapelekwe wodi ya watoto, wakasikilize nimonia na pumu baada ya kumwomba mama idhini. Na kila wanachokisikia wakiandike kwenye faili kwa jina lao, upande gani wa kifua na wakati wa kuvuta pumzi au kuitoa, ili daktari wa raundi ayasome maneno yao kabla hajavaa chombo chake.